Lijamu za Shaba na Pwani Iliyomkataa Farasi

Lijamu ni kipande cha madini kinachokaa kinywani mwa farasi, juu ya ulimi, na kushikana kila upande na kigwe anachokishika mpandaji. Kati ya meno ya mbele ya farasi yanayokata majani na magego yanayoyasaga, pana pengo lisilo na jino, lenye ufizi mwembamba unaosikia upesi. Lijamu hukaa kwenye pengo hilo. Kigwe kikivutwa kidogo tu, mnyama mwenye uzito wa kilo 300 au 400 hupunguza mwendo, hugeuka au husimama. Kwa chombo hicho mtu mmoja aliweza kuchunga kundi ambalo wachungaji kadhaa wa miguu wangelishindwa kulizuia, kuhama na jamaa zake kufuata malisho ya mbali, na kupigana kisha kutoweka kabla askari wa miguu hawajajipanga.

Wafugaji wa milima ya magharibi mwa Iran, na wale wa nyika zinazoanzia Bahari Nyeusi hadi Mongolia, walitengeneza lijamu na mapambo ya hatamu kwa shaba iliyochanganywa na bati, yaani bronzi. Vingi vilizikwa pamoja na wenyewe, na ndivyo vinavyoonekana leo katika makumbusho makubwa ya dunia. Kanda za ngozi zimeoza, mbao zimeliwa na wadudu, nguo zimekuwa vumbi, bronzi imebaki. Watu hao hawakujenga miji mikubwa wala hawakuacha maandishi yao wenyewe. Kwa hiyo vyombo vya farasi ni miongoni mwa ushahidi mkubwa kabisa wa maisha yao, na vinastahili kutazamwa kwa subira kuliko hazina za dhahabu ambazo hukimbiliwa na macho ya wengi.

Bronzi haikuwa ya kwanza. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba farasi wafugwao wa leo wametokana na kundi lililoishi kwenye nyika za chini za mito Volga na Don, na kwamba kizazi hicho kilianza kuenea kwa kasi kuelekea Ulaya na Asia mnamo mwaka 2200 KK. Muda si mrefu baadaye, kusini mwa milima ya Ural, watu wa utamaduni unaoitwa Sintashta walikuwa wakizika wakuu wao pamoja na farasi na magari mepesi ya magurudumu mawili yenye njiti. Kinywani mwa farasi hao kulipita kamba au ukanda wa ngozi. Mashavuni kulikaa vibamba vya pembe au mfupa vyenye vijino upande wa ndani. Mkono ukivuta kigwe cha kulia, kibamba cha kushoto kilibana shavu, na farasi akageukia kulia ili kukikwepa. Hivyo kanuni ya kumgeuza farasi ilikwisha kujulikana kabla fundi yeyote wa shaba hajaigusa.

Tatizo lilikuwa kamba yenyewe. Farasi hutafuna, na mate huozesha ngozi. Lijamu ya ngozi ilidumu muda mfupi, na ilipokatika katikati ya mwendo wa mbio, mpandaji au mwendesha gari alikuwa hana la kufanya. Kuanzia katikati ya milenia ya pili KK, lijamu za shaba nzima zinaonekana katika nchi za Mashariki ya Kati, ambako magari ya vita yalikuwa silaha ya wafalme wa Misri, Shamu na Anatolia. Kutoka huko na kutoka nyikani ufundi uliendelea kwa njia mbalimbali. Baadhi ya lijamu zilikuwa pau moja ngumu isiyopinda. Nyingine zilikuwa vipande viwili vilivyoungana katikati kwa pete, vikicheza kwa uhuru juu ya ulimi. Aina hii ya pili farasi huikubali zaidi, na hadi leo haijapata mpinzani: lijamu nyingi zinazouzwa sasa, za chuma kisichoshika kutu, zina kiungo kilekile cha katikati.

Shaba tupu ni laini, na huleta mapovu inapomiminwa. Ikichanganywa na bati, kwa kawaida sehemu 8 hadi 12 kwa 100, inakuwa ngumu zaidi, inayeyuka kwa joto dogo kuliko lile la nyuzi 1,085 ambalo shaba safi huhitaji, na inajaza vizuri pembe zote za kalibu. Haishiki kutu inayoila ndani kwa ndani kama chuma. Shida ilikuwa kupata bati, madini adimu kuliko shaba. Machimbo ya kale ya bati yamegunduliwa Mushiston katika Tajikistan na Karnab katika Uzbekistan. Huko Iran, mashimo ya kale ya Deh Hosein, yanayotoa shaba na bati mahali pamoja, yako karibu na milima ya Luristan, magharibi mwa nchi hiyo, na wanakemia walipolinganisha madini yake na vyombo vya wafugaji wa milima hiyo walikuta yanafanana.

Ufundi wa kusubu kwa nta ndio uliozaa kazi nzuri kuliko zote. Fundi alianza kwa nta ya nyuki. Aliifinya kwa vidole, akaichora kwa ncha ya mfupa, akapata umbo kamili la kile alichokitaka, hadi manyoya ya shingoni na kucha za miguuni. Kisha aliifunika kwa udongo laini sana, tabaka la kwanza likiwa jepesi kama uji ili liingie katika kila mchoro, na juu yake udongo mzito zaidi. Aliacha tundu la kumiminia na matundu madogo ya kutolea hewa. Udongo ulipokauka ulitiwa motoni: nta ikayeyuka na kutoka, ikaacha uwazi wenye sura yake. Bronzi ikamiminwa hapo. Baada ya kupoa, kalibu ilivunjwa kwa nyundo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kukitoa chombo. Kila kazi ilikuwa na nta yake na kalibu yake, na kwa sababu hiyo hata jozi ya vibamba vya mashavuni vya lijamu moja haifanani kikamilifu.

Pwani ya Waswahili iliujua ufundi wa shaba. Siwa ya Lamu, baragumu la shaba lililopigwa kwenye sherehe za watawala na ambalo sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo, ilisubiwa kwa njia ya nta. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walipata sanamu ndogo ya simba ya shaba, ya karne ya 11 au ya 12. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba kwa karne kadhaa. Msomaji anayetaka kuona jinsi bronzi inavyokuwa ikiachwa kwenye hewa ya chumvi ya bahari anaweza kuitazama Sanamu ya Askari katikati ya jiji la Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Rangi yake ya asili, iliyo karibu na dhahabu, imekwisha kumezwa na ngozi nyeusi. Lijamu za kale zilipotoka kaburini zilikuwa zimepita hatua hiyo: nyingi ni za kijani, kijani cha shaba iliyokaa udongoni kwa zaidi ya miaka 2,500.

Luristan ndiko zilikotoka lijamu zinazovutia kuliko zote. Ni nchi ya mabonde membamba katika milima ya Zagros, magharibi mwa Iran, ambako wafugaji wamekuwa wakipanda milimani wakati wa kiangazi na kushuka mabondeni wakati wa baridi tangu zamani. Lijamu za huko ni za kati ya mwaka 1000 na 650 KK hivi. Pau ya kinywani ni nzima, imara, na ncha zake zimekunjwa baada ya vibamba kuingizwa ili visichomoke tena. Vibamba vyenyewe ndivyo vinavyomfanya mtu asimame. Kimoja kina fahali mwenye mabawa na uso wa binadamu, amevaa pembe, anatembea juu ya mgongo wa mnyama mdogo aliyelala. Kingine kina mbuzi mwitu ambaye pembe zake zimepinda nyuma hadi zikagusa mgongo. Vipo vyenye farasi mdogo tu, kengele ikining'inia shingoni mwake, na hivyo huonyesha farasi wa wakati huo walivyovishwa. Tumboni mwa kila mnyama kuna tundu la kupitishia pau, na mgongoni kuna pete za kufungia kanda za kichwani.

Ukikigeuza kibamba, upande wa nyuma unaonyesha jambo lingine. Kuna vijiba vifupi vyenye ncha, viwili au zaidi, vilivyoelekezwa kwenye shavu la farasi. Fahali yule mwenye mabawa aliyefinywa kwa upole wote alikuwa na miiba upande wake wa nyuma. Kilichoanza Sintashta kwa pembe na mfupa kilikuwa kingali kinafanya kazi miaka 1,000 baadaye, kimefichwa nyuma ya uzuri.

Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama vyombo hivi vilivaliwa kweli. Vingine ni vizito na vikubwa mno, na havina dalili ya kulika mahali ambapo kigwe kilipaswa kusugua; inaonekana vilitengenezwa kwa ajili ya kaburi, ili marehemu awe na lijamu huko aendako. Vingine vimelika waziwazi kwenye matundu na kwenye pau, alama ya miaka mingi ya kazi. Jibu la busara ni kwamba yote mawili yalifanyika. Inasimuliwa pia kwamba katika baadhi ya makaburi lijamu iliwekwa chini ya kichwa cha marehemu. Habari hiyo ilitoka kwa wachimbaji wa kienyeji, na hapo ndipo lilipo jeraha la somo zima.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakulima wa karibu na mji wa Harsin walianza kuchimbua makaburi na kuuza vitu vya shaba. Habari zilienea, wafanyabiashara wa Tehran, Paris na New York wakamiminika, na katika miaka michache maelfu ya makaburi yalifunguliwa bila mtu yeyote kuandika nini kililala kando ya nini. Makumbusho yalinunua. Matajiri walinunua. Wajanja walitengeneza bandia, nyingine nzuri kiasi cha kuwachanganya wataalamu. Lijamu iliyotolewa kaburini kwa namna hiyo imepoteza karibu kila kitu isipokuwa umbo lake: haijulikani kama aliyezikwa nayo alikuwa mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, na kama farasi wake alikuwa karibu naye. Hasara hii haiwezi kulipwa kwa fedha yoyote.

Kazi ya kurekebisha ilifanywa pole pole. Mmarekani Erich Schmidt alichimba hekalu la Surkh Dum mwaka 1938 na kukuta vitu vya shaba vilivyotolewa kama nadhiri, vingine vimefichwa ndani ya kuta. Mbelgiji Louis Vanden Berghe alifanya misimu mingi ya uchimbaji katika eneo la Pusht-i Kuh kuanzia mwaka 1965 hadi 1979, akafungua mamia ya makaburi kwa utaratibu, akiandika na kuchora kila kitu. Kwa sababu ya kazi yake inawezekana sasa kusema kwa uhakika ni aina gani ya silaha, bangili na vyombo ilitangulia na ipi ilifuata.

Kwenye nyika za kaskazini hali ilikuwa tofauti kwa sababu makaburi yalikuwa chini ya vilima. Kilima cha Arzhan 1, katika Jamhuri ya Tuva kusini mwa Siberia, kilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 100. Mikhail Gryaznov alikichimba kati ya mwaka 1971 na 1974. Chini ya mawe kulikuwa na vyumba vingi vya magogo vilivyopangwa kuzunguka chumba cha mtawala, na ndani yake farasi wapatao 160 waliochinjwa kwa mazishi hayo. Ni kaburi la mwisho wa karne ya 9 au mwanzo wa karne ya 8 KK, la mapema kuliko makaburi yote makubwa yanayojulikana ya Waskithi, wapanda farasi wa nyika hizo. Wezi walikuwa wamekwisha kuingia zamani na kuchukua sehemu kubwa ya dhahabu, lakini hawakujali lijamu.

Lijamu hizo ndizo zilizompa Gryaznov habari aliyoitaka. Kila kundi la farasi, katika kila chumba, lilikuwa na mtindo wake wa lijamu na vibamba. Alihitimisha kwamba makundi hayo yaliletwa na makabila mbalimbali yaliyokuwa chini ya mtawala yule, kila kabila likitoa farasi wake waliovishwa kwa mtindo wa kwao. Ni hoja yenye nguvu. Katika Arzhan pia alipatikana chui wa bronzi aliyejikunja, mkia ukigusa pua, mwenye upana wa sentimita 25. Inaaminika alikuwa pambo la kifua cha farasi. Mnyama huyo aliyejikunja alitengenezwa tena na tena kwa karne nyingi zilizofuata, kutoka Mto Don hadi eneo la Ordos kwenye pinde za Mto Manjano, ambako wafugaji waliokuwa majirani wa China walisubu mapambo ya mikanda na ya hatamu yenye chui wakimng'ata farasi au kulungu.

Pambo la hatamu halikuwa urembo mtupu. Kanda za kichwani mwa farasi hupishana mahali kadhaa: kwenye paji la uso, mashavuni na nyuma ya masikio. Mafundo ya ngozi hulegea kwa jasho. Wafugaji walisubu vifungo vidogo vya bronzi vyenye njia mbili zinazopishana kwa ndani, ukanda mmoja ukapita wima na mwingine ukapita mlalo. Juu ya kifungo wakaweka kichwa cha tai au cha kondoo mwitu. Kifungo kikashika ngozi, kichwa cha tai kikaonekana.

Jinsi vitu hivyo vyote vilivyokaa juu ya farasi ingebaki kuwa kazi ya kubuni, lau si barafu ya milima ya Altai. Katika bonde la Pazyryk maji yaliingia makaburini na kuganda, na hayakuyeyuka tena. Gryaznov alichimba kilima cha kwanza mwaka 1929, na Sergei Rudenko akaendelea kati ya mwaka 1947 na 1949. Ngozi, sufu, mbao na hata nywele za farasi vilikuwa vizima baada ya miaka zaidi ya 2,200. Matandiko yalikuwa mito miwili ya ngozi iliyojazwa nywele na majani, bila kikuku cha kuwekea mguu. Kikuku kilikuja kuenea baada ya karne ya 4 BK. Hatamu zilikuwa kamili, zikiwa na mapambo ya mbao iliyochongwa na kufunikwa kwa jani jembamba la dhahabu. Farasi wengine walivishwa vinyago vyenye pembe za kulungu. Masikio ya farasi yalikuwa yamekatwa alama za umiliki, na alama za farasi wa kaburi moja hazikufanana. Mfugaji yeyote wa Tanzania au Kenya ambaye ng'ombe wake wana alama masikioni angeelewa mara moja: mifugo ilitoka kwa wenyewe tofauti, ikaletwa kumuaga marehemu.

Kufikia wakati wa Pazyryk, lijamu yenyewe ilikuwa ya chuma. Chuma kilipatikana kila mahali na hakikuhitaji bati la kutoka mbali. Kuanzia karne ya 7 KK kiliiondoa bronzi kinywani mwa farasi, lakini mapambo ya mashavuni na kifuani yaliendelea kusubiwa kwa bronzi, kwa kuwa chuma cha wakati huo kiliweza kufuliwa tu, hakikuweza kumiminwa katika kalibu kikatoa manyoya na kucha.

Afrika nayo ina ukurasa wake katika habari hii. Farasi aliingia Misri mnamo karne ya 17 au 16 KK, akafuata Mto Nile hadi Nubia. Huko Tombos, kwenye maporomoko ya tatu ya Nile kaskazini mwa Sudan, wanaakiolojia walipata farasi jike aliyezikwa kwa heshima mnamo mwaka 950 KK, akiwa amefunikwa sanda. Pamoja naye kulikuwa na kibamba cha lijamu cha chuma, kimoja kati ya vitu vya kale kabisa vya chuma vilivyopatikana barani humu nje ya Misri. Karne mbili baadaye, Mfalme Piye wa Kushi, dola ya Wanubi, aliiteka Misri, na katika jiwe lake la ushindi aliamuru iandikwe jinsi alivyokasirika alipokuta farasi wa adui yake wamelazwa njaa. Makaburi ya ukoo wake huko El-Kurru yana farasi 24 waliozikwa wakiwa wamesimama. Upande wa Ethiopia, kwenye nyanda za juu zenye baridi, farasi alistawi kabisa, na wafalme walijulikana kwa majina ya farasi wao: Tewodros aliitwa Abba Tatek, Menelik akaitwa Abba Dagnew.

Kusini zaidi farasi alikwama. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1 BK, Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinataja bidhaa za kila bandari. Huko Muza, katika Yemen, mfalme aliletewa farasi na nyumbu wa mizigo. Kisha kinataja zilizopelekwa Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, ambayo wataalamu wengi huiweka kwenye pwani ya Tanzania: mikuki iliyotengenezwa Muza kwa ajili ya soko hilo, shoka, visu, sindano za kushonea ngozi na vyombo vya kioo. Farasi hayumo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alitembelea Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akaandika kuhusu misikiti, chakula na ukarimu wa sultani. Kutoka Kilwa alipanda jahazi hadi Dhofar, katika Oman ya sasa, na hapo ndipo anapoeleza biashara ya farasi bora waliosafirishwa kwenda India. Bahari ilikuwa hiyohiyo na pepo zilikuwa hizohizo. Majahazi yaliyoweza kufikisha farasi Malabar, India, yangeweza kumfikisha Kilwa.

Kilichomzuia ni inzi. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hubeba vimelea vinavyoleta nagana, ugonjwa wa kukonda, homa na kuishiwa damu. Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alivitambua vimelea hivyo katika damu ya wanyama wagonjwa na kuvihusisha na inzi huyo. Farasi ana kinga ndogo mno. Punda, ambaye asili yake ni Afrika, huvumilia kidogo zaidi. Wala mbung'o hakuwa adui pekee: kuna pia maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoletwa na visubi. Msafiri Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 kwenda kumtafuta msafiri mwenzake Livingstone, alikuwa na punda 27 na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Farasi wote wawili walikufa katika wiki za mwanzo za safari, na Stanley alipompasua mmoja alikuta tumbo limejaa minyoo.

Wapagazi ndio waliokuwa badala ya farasi. Pembe za ndovu, nguo, shanga na bunduki vilitembea kati ya pwani na Ujiji kwa miezi juu ya mabega na vichwa vya watu, wengi wao Wanyamwezi. Hakuna njia ya kuieleza historia ya biashara ya bara bila kuanza na mabega hayo, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vingi bado vinaanza na majina ya wasafiri.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha kwa gharama kubwa kwamba farasi hawezi kuchukua nafasi ya wapagazi. Uingereza na Afrika Kusini ziliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani zikiwa na brigedi za wapanda farasi. Ile ya Jenerali Jaap van Deventer ilifika Kondoa Irangi Aprili 1916 ikiwa imepoteza mamia ya farasi njiani, na katika miezi iliyofuata farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu. Waliokufa walibadilishwa na wengine, nao wakafa. Mji wa Dar es Salaam ulitekwa tarehe 4 Septemba 1916 na bandari yake ikawa lango la vifaa vya jeshi. Kilichobaki kuvibeba kutoka hapo ni watu. Upande wa Uingereza peke yake uliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita nzima, wengi kwa kulazimishwa. Makumi ya maelfu walikufa, hasa kwa kuhara, malaria na njaa. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa upande wa magharibi wa mji, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi, na ukumbi huo ukageuzwa kuwa soko mwaka 1923. Ndiyo Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Maandishi kwenye Sanamu ya Askari yanawataja wapagazi pia, ingawa aliyechongwa ni mwenye bunduki. Mizigo inayotoka bandarini kuingia Kariakoo bado humalizia safari kwa mikokoteni na maguta yanayosukumwa na watu.

Mbung'o naye amerudishwa nyuma. Katika kisiwa cha Unguja, wataalamu walitumia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, wakizalishwa kwa mamilioni katika kituo cha utafiti cha Tanga na kumwagwa kutoka angani kuanzia mwaka 1994. Majike waliopandwa nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa salama. Bara eneo lililoathirika ni kubwa mno kwa njia hiyo, na kazi inafanywa kwa mitego, viuatilifu na dawa za mifugo. Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi, na farasi hao huonekana jijini wakiwa na hatamu za ngozi na lijamu za chuma. Wanaishi kwa sababu mabanda yao yako mbali na pori la mbung'o, na kwa sababu daktari wa mifugo huwapima damu na kuwachoma sindano kwa wakati.